Oksidi Nyekundu ya Marceline

Likasi, Jumanne, Agosti 1994

Hatimaye nimemwambia. Marceline, mwanafunzi wangu wa zamani, aliniletea uji mchana, kama kila siku tangu miguu yangu ishindwe.

Katika mtihani wa kemia niliuliza jina la ule unga mwekundu wa shaba na oksijeni. Oksijeni huchukua elektroni mbili. Humo kila shaba hutoa moja tu, basi shaba lazima ziwe mbili. Aliandika oksidi ya shaba (I), moja kwa ile elektroni moja, na ni sahihi. Nikaikata, nikaweka (II), ambayo ni ile nyeusi. Niligundua kosa langu matokeo yakiwa yamebandikwa, nikanyamaza. Alifeli kwa alama hizo. Mishahara ya kiwanda cha shaba cha Panda ilipokatika, baba yake hakuweza kumlipia arudie mwaka. Leo anauza makaa.

"Minye nilijua, Prof. Papa alikuwa anatumika ku fonderi, kule wanayeyusha shaba, ile nyekundu aliijua."

"Juu ya nini hamukusema?" nikamwuliza.

"Tulikuya mara mbili. Bibi yako alisema hauko. Tuliona viatu yako chini ya rido."

Ni kweli, mke wangu aliposema hivyo nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Hilo sikukusudia kuliungama.

"Kunywa, Prof. Uji inapoa."

Nikanywa. Sikuhisi ule wepesi niliokuwa nimeutarajia.