Uzi wa Sweta ya Baba

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi hadi ofisini. Munene, mkurugenzi wetu mpya, ana wimbo mmoja tu — bei, bei, bei! Anataka kiwanda chetu cha sweta kiache uzi wa Mzee Kadar wa Eastleigh, kichukue ule wa meli, unaotoka nje, kwa kuwa kilo yake ni nafuu. Mimi ndiye ninayenunua, na nilimwambia rahisi ni ghali. Kwani amesahau ile shule ya Mukuru kwa Njenga? Uzi wa meli, sweta zikafuliwa mara moja, kola za mashati meupe zote kijani! Tuliwashonea nyingine bure. Hiyo haimo kwenye bei ya kilo.

Akasema thamani ni stori. Nimletee kitu cha kushika mkononi kufikia Ijumaa, la sivyo anasaini mkataba wa uzi wa meli. Tukimwacha Kadar, anafunga. Hana mteja mwingine mkubwa.

Jumatano, 16 Julai

Nimetoka kwa Kadar. Harufu ile ya rangi inayochemka! Nikawa mtoto tena, nimeng'ang'ania gauni la Mama mbele ya kaunta ya babake Kadar. Mama hakuanza na bei hata siku moja. Alilowesha uzi kwa mate, akausugua kwenye leso nyeupe. Leso ikibaki nyeupe ndipo wapatane. Wenye uzi mbaya walimwona akija, wakajifanya wanasali.

"Binti ya Aluoch!" Kadar aliniita kwa jina la Mama, akacheka mpaka akakohoa. Akauliza kama ile sweta ya kijani ya mzee wangu bado ipo. Ipo! Mama alimfumia Baba kwa uzi wa duka hilo hilo, alipohamishiwa yadi ya reli. Jua lote lile, na haijapauka. Ndiyo pekee iliyobaki ya mikono ya Mama, Mungu amrehemu.

Nyingine hazikubaki kwa sababu alizifumua. Ya kaka ikimbana, Mama anafumua, ananifumia mimi. Jumapili jioni, pale kwetu Kaloleni, nilikaa kwenye kigoda mikono mbele, vidole gumba juu, yeye ananizungushia uzi. Mikono iliuma! Nikishusha kidogo — "Juu!" Nimemkumbuka leo.

Ijumaa, 18 Julai

Jana niliazima sweta. Nilimwambia Baba ni ya kuonyesha tu.

Leo mkutanoni Munene aliisugua kwa tishu iliyolowa. Nyeupe! Akatabasamu, kisha akaanza kuvuta uzi wa pindo la chini, aone kama utakatika. Nilipiga kelele, "Acha!" Sweta haifumuliwi kutoka chini, inajifunga mafundo. Huanzia shingoni. Yeye ni mtu wa sweta za kununua, angejuaje.

Aliomba radhi, tena kwa moyo. Akasema: "Everline, mimi nimeamini. Bodi haitaamini tishu. Niletee uzi wa mabegani, pale jua limechapa. Maabara iuvute pamoja na ule wa meli. Ukishinda, tunabadilisha vile tunanunua kila kitu hapa, si uzi pekee."

Mabegani! Yaani niifumue. Nikasema mwenyewe ni Baba, nitamuuliza. Amenipa hadi Jumatatu asubuhi.

Jumamosi, 19 Julai

Manyunyu. Sikwenda kwa Baba. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Mwoga mimi.

Jumapili, 20 Julai

Kaloleni, baada ya kanisa. Kwenye ukumbi wa mtaa kuna harusi, vigelegele vinaingia mpaka sebuleni. Baba ameketi kwenye kiti cha Mama. Nilimweleza yote, hata Munene alivyovuta pindo. Alichukua sweta, akainusa kola. Akasema siku hizi inanuka sabuni tu.

Nikashindwa. Nikamwambia basi, namjibu Munene hapana, Kadar atajua la kufanya.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "mama yako aliwahi kuweka sweta gani?"

Hakuna.

"Hii pia aliitaka aifumue, awafumie watoto wako. Mimi ndiye niliificha chini ya godoro." Akacheka, kisha akaniwekea sweta mapajani niifumue.

Nimekwisha kutenganisha mikono na kiwiliwili. Limebaki fundo la shingoni. Mama alilikaza kwa meno, ninaona alipouma. Mkasi ninao, na badala ya kukata nimechukua shajara, eti niandike kwanza. Baba haniharakishi. Amevuta kile kigoda changu cha zamani, amekaa mbele yangu, mikono mbele, vidole gumba juu.

"Haya, kata," anasema. "Mikono inauma."