Kaburi Lenye Jina Lako

Ganda, Malindi
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mtwapa, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kunyanyua mawe umepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama hajambo, mdogo wangu Katana ameota tena meno ya mbele, na mihogo imeshika vizuri. Nakusalimu kwanza kwa sababu ndivyo ulivyonifunza. Baada ya salamu nitakueleza yote bila kuficha, hata yale ambayo mtoto hapaswi kumwambia baba yake. Nimekupigia tangu juzi na hushiki simu. Ndiyo maana naandika.

Unajua kwamba nilipata nafasi ya kusomea uuguzi, na kwamba masomo yanaanza Septemba. Karo hatuna, na hilo si siri kwa yeyote hapa Ganda. Mwalimu wangu, Madam Linet, aliniletea fomu ya shirika moja linalowalipia wanafunzi. Sehemu yangu niliijaza mwenyewe, polepole, nisije nikachafua karatasi. Sehemu ya mzazi nilimwachia Baba mdogo Lewa, kwa kuwa alisema angezungumza nawe kisha aipeleke Malindi. Nilimshukuru sana. Siku hiyo nilimpikia wali wa nazi.

Jumanne wakaja watu wa shirika kuhakiki. Madam Linet alikuwa ameshanieleza kwamba huwa wanazitembelea nyumba za waombaji, waone kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo, kwa hiyo sikuogopa. Nilifagia uwanja, nikapanga vyeti mezani. Walikuwa wawili: Bi Damaris, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, na Bwana Musembi aliyekuwa akipiga picha. Waliitazama nyumba yetu ya udongo, wakaulizia shamba, wakawatazama mbuzi. Bwana Musembi alitania kwamba mbuzi hawa hawahitaji kuhakikiwa, mbavu zao zimeshatoa ushahidi. Tulicheka, hata Mama. Nikajua mambo yanakwenda vizuri.

Ndipo Bi Damaris akanishika bega akasema kwamba limebaki jambo moja tu. Cheti cha kifo hakikuambatishwa, kwa hiyo wangeomba kuliona kaburi la baba.

Nilidhani wamekosea nyumba. Nikamtazama Mama, naye akajifunika uso kwa leso. Wageni waliona ni majonzi. Mimi namjua Mama. Ilikuwa aibu. Baba mdogo alishainuka, akawaambia wamfuate nyuma ya zizi.

Kaburi hilo unalijua. Ni la babu yako, Mwaringa Katana, ambaye ulirithi jina lake kama desturi yetu ilivyo. Baba yake aliitwa Katana, na baba yako pia aliitwa Katana, kwa hiyo jina lililochorwa kwa msumari kwenye saruji ile ni lako lote. Tarehe haipo, maana hakuna aliyeijua. Bwana Musembi alipiga picha. Bi Damaris akauliza mbona saruji imechakaa hivyo ilhali fomu inasema marehemu alifariki mwaka jana. Baba mdogo, bila hata kumeza mate, akajibu kwamba fundi aliipunja. Alimsingizia fundi, Baba, na fundi wa nyumba hii ni wewe.

Kisha Bi Damaris akatuomba tuinamishe vichwa akuombee. Nami niliinamisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifumba macho na kusikia ukiombewa upumzike kwa amani, nikanyamaza, kwa sababu niliwaza chuo, niliwaza sare nyeupe. Wenzangu walipoitikia amina, mdomo wangu ulikataa. Nikafumbua macho nikasema:

"Aliyelala hapa ni babu yake baba. Baba yangu yuko hai. Yuko Mtwapa, anajenga."

Baba mdogo alicheka, akawaambia wageni wanisamehe, mtoto amechanganywa na msiba. Alisema hivyo mbele yangu, kana kwamba sina masikio. Bi Damaris alimgeukia Mama na kumwuliza. Mama akaitoa leso usoni.

"Yuko hai," akasema. "Pasaka alipiga simu akaulizia mbuzi."

Bwana Musembi akafuta picha. Bi Damaris alitueleza kwamba kwa sheria yao ombi lenye uongo hutupwa, na mwombaji haruhusiwi kuomba tena. Lakini kwa kuwa mwenye ombi ndiye aliyeukana uongo huo papo hapo, atawaomba wenzake wapokee fomu mpya. Sharti ni moja. Mzazi aliye hai afike mwenyewe ofisini kwao Malindi, na kitambulisho chake, kabla ya Ijumaa ijayo, tarehe 22. Alisema hana shaka kwamba sisi ni maskini. Anachotaka ni kumwona mtu.

Walipoondoka, Baba mdogo alinitukana. Aliniita mjuaji, akasema nimemwaga chakula cha nyumba nzima kwa ajili ya kujionyesha mwema. Nikamjibu, na najua si adabu, kwamba yeye amemzika ndugu yake ili apate sifa ya kunisomesha. Akaghadhibika. Akatoa simu, akasema nisikilize kwanza ndipo nimlaumu. Ilikuwa sauti yako, katika ujumbe uliomrekodia na kumtumia.

Kwanza nilifurahi, Baba. Zilikuwa zimepita siku nyingi sijaisikia. Halafu nikasikia unachosema. Ulisema: "Andika nimekufa, Lewa. Nikiandikwa hai wataniuliza mshahara, na watanitaka nami nitoe. Hapo nyuma ya zizi si kuna kaburi lenye jina langu? Nani atauliza?" Nyuma yako mtoto mdogo alikuwa akikuita baba, nawe ukamwitikia. Sikuulizi ni nani. Mama pia alisikia. Alikwenda kuwafungia mbuzi.

Nina hasira, Baba, na sitakuficha. Naweza kukosa chuo nikalima mihogo. Nina hasira kwa sababu ilikuwa rahisi kwako. Hukumtumia Mama hata neno moja kwamba umemfanya mjane. Katana ananiuliza kwa nini watu walikuombea nyuma ya zizi, nami bado sijamjibu.

Lakini lile shati lako la buluu la kuendea kanisani nimelifua na kulipiga pasi. Limetundikwa chumbani. Mama ameliona na hajaliondoa.

Barua hii anakuletea Bi Shekha muuza leso, anayefika Mtwapa Jumamosi na kurudi Jumatatu. Nimemwomba asiondoke kwako bila jibu. Mama anakusalimu. Bibi anakusalimu, naye hajaambiwa lolote. Wasalimie wote unaoishi nao.

Ni mimi mwanao,
Nyevu Mwaringa

Nijibu jambo moja tu: utakuja Malindi wakuone, au nimwambie Katana kwamba kaburi lile ni lako?