Mikono Iliyomkanda Shufaa

Mpendwa mama,

Ulipokuja kutoka Mombasa kunitunza arubaini ya uzazi wa Shufaa, sanduku lako lilijaa mafuta ya nazi na vitambaa. Theluji ilikuwa imeziba madirisha ya fleti yetu ya New Hope, huku ughaibuni, nawe umekaa sakafuni na beseni, unamkanda Shufaa kwa kitambaa cha moto, mgongo mpaka unyayo, naye katulia tuli. Ulipofika kwenye baka la buluu chini ya kiuno chake ulicheka. "Hapa ndipo bibi yako alipomshika. Hakutaka kumwachia aje." Nilisisimka, maana bibi alikuwa amefariki mwaka ule ule. Ulivyopenda kututisha!

Kiliniki, nesi alilibonyeza baka lile kwa kidole, akalibonyeza tena. Kisha akauliza kwa upole ni nani humwogesha mtoto. Nami, mjinga wa watu, nikajibu kwa majivuno: mama yangu. Nikamwonyesha kwa mikono yangu mwenyewe unavyomkanda, unavyomnyoosha miguu na kumkunja mikono. Aliandika muda wote huo, na tabasamu lake halikumtoka.

Kesho yake akaja afisa wa ulinzi wa watoto. Alifungua friji, akachungulia chini ya kitanda. Akasema wanashuku baka lile ni alama ya kupigwa, na mpaka uchunguzi uishe usilale nyumba moja na mtoto, la sivyo watamchukua. Ulinitazama nikutafsirie. Nilichelewa, mama, na ulikuwa umeshaelewa.

"Nimekanda watoto wa mtaa mzima," ulisema. "Leo nimekuwa mchawi?"

Ulilala wiki tatu kwa binamu yangu. Daktari mmoja mzee ndiye aliyesema kwamba baka lile mtoto huzaliwa nalo, na watoto weusi wengi wanalo. Faili likafungwa. Ulirudi, lakini hukumgusa tena. Ulikaa kitini, mikono ndani ya mtandio, mpaka siku ya ndege. Mwaka haukuisha ukafariki.

Mwenzangu kazini, Mzungu wa kitongoji cha Eden Prairie, alimpeleka mwanawe kiliniki ile ile, shavu limevimba. Akasema mtoto ameanguka kutoka kitandani. Wakamwamini, wakampa mtoto stika. Alitusimulia akicheka, nami nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Yeye hana kosa. Lakini mbona neno lake lilitosha, na letu halikutosha?

Sasa nyumba yetu ni kimya. Shufaa akilia, nafunga bomba nisikilize ngazi. Husikia hatua zinapanda, zinasimama mlangoni petu, wala sizisikii zikiondoka. Nikifungua, hakuna mtu. Mume wangu anasema ni mabomba ya kupasha nyumba joto. Huenda ni kweli, ila mabomba hayasubiri mtoto anyamaze.

Kila asubuhi, kabla ya chekechea, nampiga picha: mgongo, mikono, magoti. Nikiulizwa tena, nataka niwe na cha kuonyesha. Zamani nilimgeuza. Siku hizi husimama ukutani na kujigeuza mwenyewe, taratibu, bila kuambiwa, wala haniulizi kwa nini.

Juzi mdogo wako alipiga simu, akaomba picha ya mjukuu wake akicheka. Nilitafuta kwenye picha za miaka mitatu yote. Migongo, mikono, magoti, siku baada ya siku. Uso wake sikuuona, mama. Sikuwahi kuupiga.

Pumzika salama, nami unisamehe.

Mwanao,
Mama Shufaa