Samaki wa Tope Kavu

Mabogini,
Moshi.
9 Februari 1994

Mpendwa Baba Mkubwa Leodegar,

Shikamoo. Habari za Mwanza, na kile kifua chako kinaendeleaje? Huku tunamshukuru Mungu, ingawa tumechoka. Mama ana homa tena, kwa hiyo palizi ya mpunga imebaki kwangu na baba. Matokeo ya kidato cha nne bado, nami nimeacha kuyauliza.

Kahawa ya shamba letu la Mwika haina bei siku hizi, ndiyo maana baba anataka mpunga hadi kwenye kila pembe. Sasa anataka kulisawazisha lile dimbwi lililo kwenye kipande chako, na tope lake ajengee matuta ya majaruba ya mpunga. Trekta la kukodi litapita huku mwisho wa mwezi.

Unawakumbuka wale samaki wa humo, wasiozidi kidole cha mwisho, madume mekundu yenye buluu? Dimbwi likikauka hufa wote, na watu husema wapya hudondoka na mvua. Mimi sikuamini. Juzi nilitia bonge la tope kavu kwenye beseni la maji ya mvua. Kulipokucha walikuwamo, wembamba kama kope. Mayai yao hulala topeni. Na madimbwi ya majirani yote yameshakuwa mpunga, limebaki hili letu tu.

Nilimwonyesha baba. Akachungulia, akacheka: "Hawa utawakaanga kwenye kijiko, Mektrida? Acha, watashuka wengine."

Mama akasema kutoka kitandani, "Baba Mektrida, mtoto amekuonyesha ukaona kwa macho yako, bado unaangalia mbinguni?"

Baba akasema, "Kipande ni cha kaka. Yeye ndiye mkubwa, akikataa sigusi. Lakini tangu tumzike mzee wetu, kaka hajakataa wala kukubali kitu."

Nilitaka kumjibu, nikaishia kurudisha beseni kivulini. Unanijua, sijui kusema mbele ya wakubwa. Kwa hiyo nakuandikia.

Wasalimie sana Mama Mkubwa Kornelia na dada Gladys. Bibi anakuombea kila Jumapili.

Baba Mkubwa, naomba umwandikie baba, hata mistari miwili. Ukimwambia alime, nitashika jembe pamoja naye wala sitanuna. Ila usinyamaze, maana huku kunyamaza kwako huhesabiwa ndiyo.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako.

Mwanao akupendaye,
Mektrida Fabian