Kielelezo cha Nne ni Barua Niliyokuandikia Wewe

Chumba cha nyuma, kwa Mama
Jumapili, tarehe 8 Machi

Mpendwa Kaka,

"Mama wa watoto hawa amekiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba amewachoka, na kwamba anatamani kuwaacha." Hayo ni maneno ya shemeji yako, aya ya kumi na moja ya kiapo alichopeleka mahakamani ili apewe watoto. Ni uongo. Tena ni uongo uliojengwa kwa maneno ya kweli, na huo ndio mgumu kuliko wote kuubomoa. Nitaubomoa. Lakini Mama hakutulea kuingia nyumba ya mtu bila hodi, hata kama mwenye nyumba ametuchomea ya kwetu. Kwa hiyo kwanza salamu.

Hujambo, Kaka? Wifi hajambo? Mgongo umepoa, au bado unakaa kitini kama kuku aliyeatamia? Mama ni mzima, miguu tu ndiyo humgomea asubuhi, kisha saa nne inarudi kazini. Mimi mwili hauna neno. Watoto wako nami hapa. Mkubwa ametimiza miaka kumi na mmoja na ameanza kunisahihisha sarufi. Mdogo ana sita, meno mawili ya mbele yameondoka, na kila herufi ya "s" inampiga chenga.

Sasa habari zenyewe. Shemeji yako ana nyumba nyingine, na mwanamke ndani yake, mwaka wa tatu sasa. Zile safari zote za kikazi zilikuwa za vituo vinne vya basi. Sitakuchosha na hilo. Nililia wiki mbili, nikanawa uso, nikafungasha nguo za watoto na zangu, nikaja kwa Mama. Ndoa kuvunjika si kiama. Nimeandika hivyo gazetini mara tatu, na wasomaji wakanitukana mara tatu. Makochi achukue. Kabati la vyombo achukue, na hivyo vyombo avioshe mwenyewe. Ninachopigania ni watoto kukaa nami, basi.

Nikaenda kutafuta wakili. Nilitaka jitu la sauti nzito, la kumtia shemeji yako tumbo la kuendesha. Nikaelekezwa kwa mwanamke mfupi wa rika langu, ofisi yake juu ya duka la miwani, ngazi nyembamba mpaka unapanda ubavu ubavu. Chumba cha kungojea kina viti vitano na kisanduku cha wanasesere waliokatika mikono. Yeye mwenyewe amevaa kandambili chini ya meza, na viatu vyake vya kwendea mahakamani vimepangwa kando ya kabati.

Nilimpelekea maelezo yangu, kurasa kumi na tisa, nilizoziandika kwa siku tatu kwa raha niliyokuwa sijaipata miaka mingi. Alizisoma zote, kalamu nyekundu mkononi. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Mwandishi, umekuja kuachika au kuchapishwa?"

"Nimekuja kushinda."

"Haya. Hapa umemwita fisi mwenye tai. Una ushahidi?"

"Wa tabia zake? Tele!"

"Wa tai."

Nilicheka, Kaka, kwa mara ya kwanza tangu nihame. Akakata fisi, akakata tai, akakata kurasa kumi na saba na nusu. "Dada yangu," akasema, "hakimu hana muda wa kukupenda. Anataka kujua watoto wakiamka wanamkuta nani." Akaanza kuniuliza. Mdogo avaa kiatu namba ngapi? Ishirini na tisa, lakini mguu wa kulia umezidi kidogo. Mkubwa anamwogopa mwalimu gani? Dawa gani huwa wanaitapika? Nani aliitwa shule mara ya mwisho, siku gani, kwa sababu gani? Nilijibu saa nzima bila kusita. Nikatoka pale nimepata imani. Sikuwahi kudhani kwamba elimu yangu kubwa kuliko zote ni namba ya kiatu.

Wiki iliyofuata akaniita. Majibu ya upande wa pili yalikuwa yamefika, pamoja na vielelezo, yaani karatasi za kuthibitisha kiapo. Akanisogezea kielelezo cha nne.

Niliutambua mwandiko kabla ya maneno. Wangu. Ni ile barua niliyokuandikia mwaka juzi, watoto wote wawili walipokuwa na tetekuwanga, siku ya tisa bila kulala, na shemeji yako yuko "kikazi". Ukurasa wa pili peke yake, umepigwa picha. "Nimewachoka watoto hawa, Kaka. Kuna saa natamani nifungue mlango, nishuke ngazi, nisigeuke nyuma." Hapo ukurasa unaishia. Na kwenye ukingo wa picha kuna kidole gumba kilichoshika karatasi, ukucha wake umepasuka katikati.

Ukucha ule niliupasua mimi, kwa mlango wa jikoni, nikiwa na miaka saba. Damu ilikuwa imejaa kwenye kanga ya Mama, nawe ukamwambia umejibana mwenyewe. Kwa hiyo usije ukaniambia labda barua iliibwa.

Hukuniambia hivyo, nakupa haki yako. Nilipokupigia siku ileile ulikiri. Ulisema, "Mimi sina upande, mdogo wangu. Aliniomba nimsaidie aelewe umeumia wapi. Nilitaka kuwapatanisha."

Kaka, nimekula mkate wa kubishana miaka ishirini, na katika muda huo sijakutana na mtu wa hatari kuliko asiye na upande. Nyumba ikiwaka, yeye husimama kati ya ndoo na kibiriti akiviomba vizungumze. Asiye na upande huwa upande wa yule aliyemfikia kwanza, na shemeji yako alikufikia kwanza, kwa sauti ya upole na "shemeji yangu" nyingi. Kupatanisha kunataka nauli, Kaka. Kunataka kuja, kuketi, kusikia huku, kusikia kule, kula chumvi ya pande zote mbili. Hukuja. Ulikaa hapo hapo ulipo ukanyoosha kidole kimoja, na kidole chenyewe ndicho hicho.

Na kwa nini ukurasa mmoja? Hilo ndilo linaloniamsha. Barua ilikuwa na kurasa nne. Ungempa zote, ningesema umekosea kwa wema. Ulichagua.

Nikukumbushe sharti tuliloliweka siku uliyoondoka, tukiwa tumekalia mabegi yako: habari za homa na bei ya sukari zipite kwenye simu, ya moyoni yaende kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa simu hupita mikono mingi. Tumelishika miaka kumi na minne. Mimi ninayetunza nakala ya kila makala, hata zile ambazo mhariri alizikataa na alifanya vyema, sina nakala hata moja ya barua niliyokuandikia. Nani huweka nakala ya maneno anayomwambia kaka yake?

Ila ukurasa wa tatu naukumbuka. Niliandika kwamba nilipokuwa nimeshika komeo la mlango, mdogo aliniita nimpulizie mgongo uliokuwa unamwasha. Nikarudi. Nikapuliza mpaka midomo ikakauka, nikampuliza na dada yake, nikawa napokezana migongo hadi adhana ya alfajiri. Nikakuandikia: nimejua leo kwamba mlango ule haunifai, hata ukiwa wazi. Wakili alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nakuamini. Lakini hakimu anaamini karatasi, haamini kumbukumbu ya mtu anayetaka kushinda."

Karatasi unayo wewe. Wifi alimwambia Mama mwaka jana, kwa kusifia, kwamba barua zangu zote ziko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati lenu.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nimelazimika kuweka kalamu chini mara mbili ili niweze kuliandika. Alhamisi alikuja afisa wa ustawi wa jamii, ambaye mahakama imemtuma aangalie watoto wanaishije. Kijana mstaarabu, alivua viatu mlangoni. Aliangalia vitanda, madaftari, choo. Kisha akaomba aongee na mkubwa peke yake uani. Walipomaliza, mtoto alikuja jikoni akasimama nyuma yangu.

"Mama, ni kweli uliandika umetuchoka?"

Ningeweza kumdanganya. Sikumdanganya.

"Niliandika."

Akakwaruza ukuta kwa kucha. "Kisha ukaandika nini?"

Ona hilo, Kaka. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alisomewa ukurasa wa pili, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwenye wa tatu. Nikamweleza habari ya mgongo. Akasema anakumbuka, nilikuwa nanuka kitunguu.

"Basi waonyeshe," akasema.

Nikamwambia siwezi, iko kwa mjomba. Akaniambia kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye mjinga: "Si umwombe?"

Huyo bado anaamini kwamba kitu kikiwa kwa mjomba kiko salama. Mjomba ni mama mwenye ndevu, ndivyo tulivyowafundisha. Sikuwa na moyo wa kumwambia aya ya kumi na moja imeandikwa kwa wino wa nani.

Mama naye hajui. Anadhani shemeji yako aliichokoa barua kwenye begi langu, na kila jioni anamlaani kwa jina lake kamili. Sijamsahihisha. Siahidi nitanyamaza mpaka lini.

Anakusalimu sana, anasema uvae sweta. Watoto wanakusalimu, mdogo anataka kujua kama huko jino hung'oka kama huku. Msalimie binti yako, umwambie hesabu za kidato cha tatu hazijamuua shangazi yake, hazitamuua yeye. Mungu akupe afya, akulinde njiani, na akupe ujasiri, maana hicho ndicho ulichopungukiwa.

Sasa nisikilizeni, wewe Kaka, na wewe Wifi unayejua kila karatasi ya nyumba hiyo ilipolala. Hakimu anasikiliza tarehe 27. Kesho asubuhi mshushe hilo kopo. Toeni barua nzima, kurasa nne, zile zenyewe, msinipe picha. Kaka, uende nazo kwa wakili yeyote hapo mlipo, uape mbele yake kwamba barua hiyo ulitumiwa wewe, kwamba ndivyo ilivyo tangu salamu hadi sahihi, na kwamba ni wewe uliyetenga ukurasa mmoja ukampa shemeji. Uyaandike hayo ya mwisho kwa maneno ya wazi. Wifi, simama pale mlangoni mpaka aape, kisha bahasha uipeleke posta kwa mkono wako, kwa anwani ya ofisi niliyoandika nyuma ya karatasi hii. Msinipigie kueleza. Msiniombe radhi kwanza, radhi itasubiri foleni. Leteni kurasa.

Mdogo wako wa tumbo moja, ninayekupenda bado, kwa hasira zote nilizo nazo.