Mtaa Usiougua

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumai mnaendelea vyema, na kwamba yule mdogo kikohozi kimemwachia. Sisi huku tunashukuru.

Huenda umeshasikia kuwa nimepata kazi zahanati. Usifurahi sana, sitoi dawa. Napita nyumba kwa nyumba nikiuliza nani anaumwa nini, ili nesi mkuu ajue kliniki ya kila wiki aipeleke upande gani: kule juu kwenye lami na mageti, au huku kwetu bondeni. Kliniki ni moja, haigawanyiki.

Kule juu walinipokea kwa viti. Mstaafu mmoja alinieleza goti, mgongo na usingizi, akamalizia na meno ya mbwa wake. Huku bondeni, kinyozi anakohoa mpaka anaweka mkasi chini, lakini nikimuuliza hali ananijibu njema tu. Muuza mkaa miguu imemvimba hadi viatu amevikata visigino, naye anasema hajambo, ila uchovu kidogo, tena nisiuandike. Unatujua tulivyo: mgeni akikuuliza hali, heshima ni kumjibu njema, hata kama umeshikilia ukuta. Majibu yalipojumlishwa, bonde letu lilionekana limejaa wanariadha. Nesi mkuu akasema takwimu hazina upendeleo, kliniki iende juu. Nikamwambia takwimu hizi zimelelewa vizuri mno. Hakucheka, ila alinipa wiki moja nirudie kazi.

Nikaenda, nikarudi na njema zilezile. Nikiwa nimekata tamaa, nikaketi kwa fundi cherehani, mama mmoja jirani yetu, nikamsikia akimweleza mteja, bila hata kuulizwa, kwamba kinyozi halali kwa kifua. Hapo akili ikanijia. Tangu siku ile sikumuuliza mtu hali yake. Nilimuuliza ya jirani. Kaka, nyani haoni kundule, lakini ya mwenzake anakuhadithia mpaka chai ipoe. Nesi mkuu alisema huo ni umbea. Nikamwomba aje na mashine ya presha tuupime huo umbea. Tulipita mlango kwa mlango, na karibu wote ulikuwa kweli. Sasa kliniki iko bondeni kila Alhamisi, kwenye banda la seremala, na kinyozi ameanza dawa.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Nilipomuuliza fundi cherehani kuhusu majirani zake, alimaliza haraka wa kulia, kisha akasita. Wa kushoto ni sisi. Akaniambia taratibu kwamba Mama akitoka bombani huketi chini njiani, kichwa kinamzunguka, na amewaapisha majirani wote nisijue. Mimi nyumba yetu nilikuwa nimeiandika wote wazima, bila kuuliza. Nililia pale pale juu ya vitambaa vya watu.

Presha ya Mama ilizidi ya wote bondeni. Nesi alirudia kupima akidhani mashine imeharibika. Mama alitukasirikia mimi, fundi na mashine yenyewe. Alipotulia akasema, "Ningekwambia, ungemwandikia kaka yako, naye angeacha kazi aje kunitazama mimi."

Usiogope. Anameza dawa, na nesi anasema tumemuwahi. Siku hizi kwenye foleni ya kliniki anawatambia wenzake kwamba presha zao ni za kitoto.

Amejua kuwa nakuandikia. Ameniagiza nikwambie hajambo kabisa, usijisumbue kuja, nauli imepanda. Nimeandika alivyotaka, maana ni mama yangu. Ila kwa kuwa njia yangu ya kazi unaijua sasa, asubuhi hii nilivuka kwenda kumuuliza fundi cherehani. Anasema Mama kila basi likisimama huacha alichoshika, akatoka mlangoni kutazama nani anashuka.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye mtaa mzima sasa unamwita Bi Maswali