Maelezo ya Fundi wa Kuchomelea Kuhusu Mlango wa Kiboko

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Fundi Cheche (ndilo linalojulikana hadi mtaa wa tatu)
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa kuchomelea vyuma, bingwa
Makazi: nyuma ya ghala la saruji

Mnamo tarehe 14 mwezi wa nane, Jumapili, saa nne asubuhi, niliingia bustani ya wanyama wa mto pamoja na mke wangu na mama mkwe. Mto wenyewe ni wa kutengenezwa. Unaanzia kwenye kichemchemi chenye vyura, unateremka pamoja na wageni hadi bwawa la kiboko. Mimi nimetembea sana, nimechomelea meli mbili, lakini pale kwenye kioo cha bwawa nilinyamaza. Kiboko alikimbia chini ya maji kwa ncha za miguu, mzigo wote ule, bila kishindo. Mke wangu akasema, "Leo umekosa neno? Tuiandike tarehe."

Saa sita kasoro robo niliona mlango wa chuma pembeni ya bwawa. Kibao kilisema wageni wasiguse. Lakini lile chomeleo lilikuwa aibu, limevimba kama uji uliofurika. Nikanyanyua komeo nimwonyeshe mke wangu linavyocheza.

"Baba watoto, hata huku? Acha mlango wa watu."

Mama mkwe akaita kwamba amepata benchi kivulini. Tukamfuata. Komeo sikulirudisha.

Saa sita na dakika kama kumi kiboko alitokea njiani. Hakuwa na haraka. Alisimama hatua nne kutoka kwetu, maji yanamtiririka, na pumzi yake ikanipata kifuani, ya moto, inanuka majani. Niliziona kope zake. Sijui nieleze vipi, afande. Nilijiona mdogo, na nikafurahi kuwa mdogo. Nikamwambia, "Shikamoo." Hakuitikia.

Ndipo akaja mtunza wanyama, mzee mwembamba, mkononi ana ndoo tu. Akaigonga mara mbili. "Haya, mama, wageni wameshakuona. Twende nyumbani." Kiboko akageuka, akamfuata taratibu mpaka ndani.

Hakuna aliyeumia. Meneja akauliza nani aliacha mlango wazi. Mzee akaangalia mikono yake, akasema, "Mimi ndiye niliyeufungua asubuhi. Labda nilisahau." Miaka kumi na tisa ya kazi, na akaanza kujishuku mwenyewe. Ninyi polisi mkaja, mkamchukua.

Mimi nilinyamaza, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshawatangazia watu, "Mkwe wangu alisimama mbele yangu kama ukuta!" Ukweli ni kwamba miguu iligoma. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kunisifu. Jana jioni aliwasimulia majirani wote, na mimi nikaenda kulala bila kula.

Mzee hakusahau kitu. Mtoeni. Mama mkwe yuko hapo nje, anadhani nimeitwa kwa ushujaa. Naomba dakika tano nimwambie mwenyewe.

Nimesema yangu yote, sikubakiza.

Sahihi: Fundi Cheche

Ofisa: Nimeandika kama alivyosema, nikamsomea, akakubali. Nilimwonya kwamba maneno haya yanaweza kumgeukia, akasema yaandikwe. Alipewa dakika tano, akatumia ishirini. Mtunza wanyama ametolewa mahabusu saa 4:35 asubuhi. Shahidi na mama mkwe wake walimsubiri mlangoni. Mama mkwe ndiye aliyetangulia kumpa mkono.